Dirisha Hili Si Letu

Barua ya wazi kwa wenyeviti wa vijiji, watendaji na wajumbe wa mabaraza ya kata, kuanzia Rusumo na Benaco hadi Nyakahura, Lusahunga na Nyakanazi

Waheshimiwa wenyeviti na watendaji, wajumbe wenzangu, wazee wangu,

 

Nawaandikia kama mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi mnalokalia ninyi leo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa baraza, katika kata ambayo sitaitaja, na nilitia saini chini ya mihtasari mingi ambayo wakati ule niliiona kuwa kazi njema. Muhtasari mmoja kati ya hiyo haujanitoka moyoni, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mwanamke alifika asubuhi kabla hatujafungua ofisi. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kwa kipande cha kitenge, na jicho moja lilikuwa limevimba hata halifunguki. Mumewe alikuja baadaye na wazee wawili wa ukoo, wakiwa wameshazungumza na mwenyekiti wetu njiani. Tuliwasikiliza wote. Mume hakukana. Alisema alikuwa amekunywa, mke akamjibu vibaya mbele ya wageni, hasira zikampanda. Wazee wakasema yameshatokea, watoto bado wadogo, tuyamalize. Tukamtoza mbuzi mmoja wa kuwapelekea wakwe na kreti mbili za soda kwa ajili ya baraza. Tukamtaka aombe radhi, akaomba. Tukamgeukia mwanamke: umeridhika? Akatazama chini, akasema, nimeridhika. Tukaandika kwenye daftari “wamesuluhishwa”, tukagonga muhuri. Katika watu wote waliokuwa chumbani mle, hakuna aliyemwambia apite polisi achukue PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha. Hakuna hata aliyeuliza kama mfupa umevunjika.

Miezi michache baadaye alipelekwa hospitali kwenye bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake ili asianguke. Safari hii taya lilikuwa limevunjika, na sikio moja halijasikia tena hadi leo. Askari walipomkamata mume, alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya muhtasari wetu. Alitaka waone kwamba mambo yake na mkewe yalishamalizwa na baraza. Muhuri tuliougonga kwa nia ya kuilinda nyumba ulikuwa umegeuka ngao ya mtu anayeibomoa.

Ndugu zangu, ombi langu kwenu ni moja. Mtu akiletwa mbele yenu akiwa ameumizwa na mwenzi wake, msimkalie kikao. Mpelekeni polisi na hospitali, siku hiyo hiyo. Usuluhishi ni kazi yenu, tena ni kazi ya heshima, lakini hauhusiki na jeraha.

Wengi wenu mmefika kwenye kituo cha pamoja cha mpakani pale Rusumo, kilichozinduliwa rasmi Aprili 2016. Paa ni moja, lakini madirisha ni mengi. Afisa wa uhamiaji anagonga pasipoti wala hagusi nyaraka za mzigo. Wa forodha anakagua mzigo wala hana habari na pasipoti. Dereva wa lori akikosea dirisha anaelekezwa kwa upole, na hakuna anayeona amedharauliwa. Fikirini ingekuwaje kama afisa wa uhamiaji, kwa huruma tu, angemwambia dereva: mzigo wako nimeuona, hauna neno, pita. Lori lingevuka mto wa Kagera, na kila kitu kibaya kilichomo ndani kingevuka nalo. Sisi tulilipitisha lori la namna hiyo. Lilikuwa mbele ya dirisha letu, lakini halikuwa la kwetu.

Najua mnachoniambia moyoni mwenu, maana na mimi nilikisema: Tanzania haina sheria ya mume kumpiga mke. Maneno haya yana ukweli nusu, na nusu hiyo imetugharimu sana. Kweli, hadi ninapoandika, Tanzania Bara haina sheria moja iliyotungwa mahsusi kwa ukatili wa majumbani. Jirani zetu wanazo. Ng'ambo ya daraja, Rwanda ilitunga yake mwaka 2008. Uganda ilifuata mwaka 2010, Kenya mwaka 2015, na Burundi, ambayo wengi wetu tuna ndugu huko, mwaka 2016. Sisi bado, na ni haki kuwadai wabunge wetu jambo hilo. Lakini kukosa sheria yenye jina hilo si kukosa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ina umri mkubwa kuliko wengi wa wajumbe wa sasa, inasema katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Inasema mwenzi, kwa hiyo inamlinda mke na inamlinda mume. Wala haikubakiza nafasi ya mila, mahari au pombe.

Na kwa kuwa hakuna haki ya kupiga, kipigo cha nyumbani kinaangukia pale pale kinapoangukia kipigo cha gulioni: kwenye Kanuni ya Adhabu. Huko ndiko mashtaka yanakotoka, na ningependa kila mjumbe ayafahamu kama anavyofahamu mipaka ya mashamba ya kijiji chake.

La chini kabisa ni shambulio la kawaida, kifungu cha 240. Hili ni kofi, msukumo, kuvutwa nywele, pale ambapo mwili haukupata dhara la kuonekana. Adhabu yake inafika kifungo cha mwaka mmoja. Juu yake kuna shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241: jicho limevimba, mdomo umepasuka, mgongo una alama za fimbo. Hapo adhabu inafika miaka mitano. Juu zaidi kuna kusababisha madhara makubwa, kifungu cha 225, ambacho kinafika miaka saba. Madhara makubwa ni yale yanayoharibu afya kwa kiasi kizito au kwa kudumu, au yanayoacha kilema au kiungo kilichoharibika. Sikio lisilosikia tena liko humo. Na ikithibitika kwamba mtu alikusudia kuleta madhara makubwa namna hiyo, anaweza kufungwa maisha. Mtu akifa, shtaka ni kuua bila kukusudia au mauaji, na hapo hakuna mbuzi anayetosha.

Angalieni ngazi hizo, mtaona jambo ambalo sisi hatukuliona. Anayetusaidia kujua mtu yuko ngazi ipi ni daktari, kwa maandishi yake kwenye PF3. Mwendesha mashtaka anasoma hapo ndipo anajua aandike kosa gani kwenye hati ya mashtaka. Sasa tuseme mmekaa vikao vitatu ndani ya majuma mawili. Uvimbe umeshuka, alama zimefifia, mfupa umeanza kuunga vibaya, kanga yenye damu imefuliwa. Mwanamke akienda polisi siku ya kumi na tano, daktari ataandika anachokiona siku ya kumi na tano. Kosa la miaka mitano linaweza kushuka likawa la mwaka mmoja, au likakosa ushahidi kabisa. Hatukuwa na nia hiyo, lakini ahirisho letu lilifanya kazi ambayo wakili wa mume asingeiweza.

Fomu ya PF3 haiuzwi. Inatolewa kituoni, mgonjwa anakwenda nayo hospitali, daktari anaijaza, inarudi polisi na kuingia kwenye jalada. Aliye katika hali mbaya apelekwe hospitali kwanza, iwe Murgwanza, Rulenge, Biharamulo au kituo cha afya kilicho karibu, na fomu imfuate. Kituoni aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, maana polisi wana madawati hayo zaidi ya 400 nchini, na kazi yake ni kumsikiliza mtu wa namna hii faraghani badala ya kumhoji kaunta mbele ya watu. Na asitoke pale bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake.

Hapo tunafika kwenye swali linalotuchanganya wengi: kesi hii ni ya nani? Mwanamke anaporudi siku ya tatu na kusema amemsamehe mumewe, tunadhani kesi imekwisha. Msamaha ni wake, hakuna anayeweza kumnyang'anya. Lakini kosa la jinai mdai wake ni Jamhuri, na aliyeumizwa ni shahidi. Anaweza kuomba shauri liondolewe. Anayeamua ni mwendesha mashtaka na mahakama. Sheria haikuwekwa hivyo kwa kumdharau mwanamke. Iliwekwa hivyo kwa sababu wanaojua namna ya kumfanya mtu aseme “nimeridhika” ni wengi: mama mkwe, wajomba, watoto wanaolia, njaa. Mzigo ukiwa wake peke yake, kila anayetaka kesi ife atamwendea yeye. Ukiwa wa Jamhuri, anaweza kusema kwa ukweli: mimi sina uwezo wa kuifuta.

Wapo pia wanaosema mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Kwa makosa mengi ni kweli kwamba hawezi kulazimishwa. Lakini Sheria ya Ushahidi imetenga hali hii: mume anaposhtakiwa kwa jambo alilomtendea mkewe mwenyewe au watoto wao, mke anaweza kuitwa na akawajibika kusema. Na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo atasema kwa maneno anayoyaelewa, na atasikia hukumu kwa maneno hayo hayo.

Hoja nzito kuliko zote, ile iliyonishinda mimi siku ile, ni ya watoto. Baba akifungwa, nani atalima, nani atalipa michango ya shule? Siidharau hoja hii. Nimeona nyumba ikilala njaa. Lakini tunaijibu kana kwamba sheria ina mkono mmoja tu, wa jela. Sivyo. Kwa kosa dogo hakimu anaweza kutoza faini, anaweza kumwachia mshtakiwa kwa masharti ya kuwa na mwenendo mwema, anaweza kuamuru aliyeumizwa alipwe fidia. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu aliyestahili kifungo kifupi afanye kazi ya jamii huku akilala kwake. Hata upatanisho upo ndani ya sheria: kwa shambulio la kawaida na makosa madogo ya namna hiyo, mahakama yenyewe inaweza kuwahimiza wahusika wapatane, na masharti yakathibitishwa na hakimu. Tofauti na ya kwetu ni kubwa. Hakimu ameiona PF3, ameuliza kama ni mara ya kwanza, na anabaki na jalada. Yule bwana akirudia, kuna mahali palipoandikwa kwamba aliwahi. Daftari letu liliandika amani, halikuandika jicho.

Nasema pia kwa ajili ya mtuhumiwa, maana haki ya upande mmoja si haki. Anayeshtakiwa kumpiga mwenzi wake hajawa mkosaji mpaka mahakama iseme. Kwa makosa ya kawaida kama haya anastahili kufikishwa mahakamani au kupewa dhamana ndani ya saa 24, na dhamana ya polisi hailipiwi. Anastahili kuuliza mashahidi maswali na kuleta wake. Wapo wanaume wanaosingiziwa, na wapo wanaopigwa na wake zao na kunyamaza kwa aibu. Lakini hebu tujiulize, yule anayesingiziwa analindwa vizuri zaidi wapi? Mbele ya daktari anayeandika kwamba hakuona jeraha na hakimu anayepima ushahidi, au mbele yetu, tuliokwisha kuambiwa habari zake barabarani? Tunapopeleka shauri kwenye dirisha lake, tunamtendea haki hata yule tunayemshuku.

Sasa niseme kilicho chetu, kwa sababu nisingependa mtu amalize barua hii akidhani mabaraza hayana kazi. Sheria ya Ndoa imelipa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa nafasi ambayo hata mahakama hairuki kirahisi. Anayetaka talaka anatakiwa kwanza apite barazani, na baraza likishindwa kuwapatanisha litoe hati inayosema hivyo. Hapo ndipo penu. Ugomvi wa matumizi ya pesa za kahawa, wivu, wakwe wanaoingilia, mume asiyelala nyumbani, mke aliyerudi kwao: ketini, sikilizeni, shaurini. Lakini baraza halitozi faini kwa jinai, wala halimzuii mtu kwenda polisi, wala halina uwezo wa kumfutia mtu kosa. Na pale ambapo ndoa imevunjika kweli, msiizuie hati. Nimeona hati ikikaliwa miezi sita kwa tumaini kwamba mwanamke atachoka. Ukatili, wa mwili au wa moyo, umetajwa na sheria hiyo hiyo kuwa mojawapo ya dalili kwamba ndoa imevunjika. Pia mahakama inaweza, kama kuna mazingira yasiyo ya kawaida, kumsamehe mtu asipite barazani. Na inaweza, wakati shauri la ndoa linaendelea au baada ya hapo, kumwamuru mmoja asimsumbue mwenzake. Mwambieni mwanamke mambo haya. Mengi hayajui, na ninyi ndio sheria ya kwanza anayokutana nayo.

Anaogopa pia kutoka mikono mitupu. Mwambieni kwamba tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwambieni kwamba watoto wadogo wa chini ya miaka saba sheria inadhania ni vyema wakae na mama, isipokuwa kuna sababu ya kinyume, na kwamba baba hapotezi wajibu wa kuwatunza kwa sababu tu wazazi wametengana.

Kuna mambo ambayo ni ya kwetu sisi watu wa mpakani. La kwanza ni daraja lenyewe. Mtuhumiwa wa Singida akitaka kutoroka anahitaji nauli ya safari ndefu. Wa kwetu anahitaji dakika chache kwa miguu hadi Rwanda, au pikipiki hadi Kabanga na kuvuka kwenda Burundi. Kumrudisha aliyevuka ni shughuli ya serikali mbili, na barua za serikali mbili hazina haraka. Kila tunapomwambia “njoo Jumatano ijayo”, tunampa Jumatatu na Jumanne za kuondoka.

La pili ni wake wanaotoka ng'ambo. Tumeoana na Warundi na Wanyarwanda tangu enzi za mababu, Wahangaza na Washubi tunajua hilo. Wapo wanawake walioolewa hapa bila karatasi yoyote, na waume zao huwatishia: ukienda polisi utarudishwa kwenu. Suala la vibali lina ofisi yake na taratibu zake. Lakini Kanuni ya Adhabu haimwulizi aliyepigwa amezaliwa upande gani wa mto. Kosa lililotendeka Tanzania ni kosa la Tanzania. Mjumbe anayemwambia mwanamke huyo “wewe si wa hapa” anamsaidia mpigaji kufunga mlango.

La tatu ni nyumba za barabarani. Pale Benaco, Lusahunga na Nyakanazi, ambako malori hulala, wapo wanawake walioishi na wanaume miaka miwili, mitatu, mitano bila kufunga ndoa. Wakipigwa huambiwa, wewe si mke, ni mambo ya mapenzi. Shambulio halihitaji cheti cha ndoa. Na kwa upande wa haki za kifamilia, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kufahamika kama mume na mke wanadhaniwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sitaficha kwamba sheria yetu ina mapengo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilileta nguvu kubwa, lakini haikuhesabu kuwa ubakaji tendo la mume kumlazimisha mke anayeishi naye. Inahesabu hivyo pale tu wanapokuwa wametengana. Hilo ni deni la watunga sheria. Hata hivyo, mwanamke aliyelazimishwa kwa kipigo bado amepigwa, na kipigo kina kifungu chake. Tusilitumie pengo la Bunge kuwa sababu ya kulala.

Kuna namba moja inayonirudisha kwenye lile neno “nimeridhika”. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 uliwauliza wanawake na wanaume kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu mojawapo kati ya tano, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Waliokubali walikuwa asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume. Wanawake waliokubali walikuwa wengi kuliko wanaume. Tumewalea mabinti zetu waone kipigo ni sehemu ya mahari, kisha tunawaleta barazani na kuwauliza kama wameridhika, na jibu lao tunaliita amani. Utafiti huo huo ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Ule wa mwaka 2022 ulikuta imeshuka hadi asilimia 27. Kwa hiyo inawezekana kushuka. Tabia hii haikuandikwa kwenye mifupa yetu.

Wahenga walisema nyumba husitiri mambo. Walisema kweli kuhusu njaa, madeni na maneno ya hasira. Lakini sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka kila anayejua kwamba kosa limetendeka atoe taarifa kwa polisi au kwa kiongozi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii aeleze haki ya mtoto inapovunjwa. Katika nyumba ya kipigo kuna watoto, na mtoto anayesikia mama yake akilia kila wikendi amekwisha kuguswa. Taarifa ikifika kwenu, imefika kwa kiongozi. Ikiishia kwenu, mmeizika.

Najua gharama. Najua kwamba usiku hakuna gari, kwamba kituo kiko mbali, kwamba mtendaji hana hata nauli ya bodaboda. Ndiyo maana sisemi fanyeni peke yenu. Kamati za kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ziliundwa mpaka ngazi ya kijiji chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 2017. Kama yenu imelala, iamsheni. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Waalikeni wakae karibu na baraza siku za vikao. Maafisa ustawi wa jamii wapo halmashauri. Radio Kwizera, iliyozaliwa Ngara mwaka 1995 wakati wa kambi za wakimbizi, inasikika mpaka jikoni; mwalikeni hakimu au mwendesha mashtaka aeleze ngazi za mashtaka nilizozitaja, watu wapige simu waulize. Na kila kijiji kiwe na nyumba mbili tatu zinazojulikana, za watu wazima wenye heshima, ambako mwanamke na watoto wanaweza kulala hadi kupambazuke.

Mtu asiniambie hilo haliwezekani kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Wengi wenu mlikuwepo, au wazazi wenu walikuwepo. Mnakumbuka maji yaliyochotwa, uji uliopikwa na wasiojua kesho watapika nini. Hakuna aliyesimama darajani akisema, hayo ni mambo yao ya ndani, warudi wakayamalize. Watu waliobeba mzigo ule wanaweza kumbeba mwanamke mmoja aliyekimbia saa nane za usiku na mtoto mgongoni.

Nimeomba nionyeshwe tena daftari lile la zamani. Ukurasa bado upo. Tarehe, majina mawili, idadi ya mbuzi, idadi ya kreti, saini zetu, na saini yangu ikiwa ya tatu kutoka juu. Mahali pa jeraha hapakuandikwa kitu. Nawaomba ukurasa wenu utakaofuata uandikwe tofauti: saa aliyofika, alivyoumia, nani alimsindikiza, kituo gani, namba ya RB, watoto walilala wapi. Na pale mwishoni, ambapo sisi tuliandika “wamesuluhishwa”, ninyi andikeni “amepelekwa”.

Wenu katika ujenzi wa nyumba zenye amani,

Aliyekuwa mjumbe mwenzenu,
Ngara, Kagera